KITABU NA POSTI YA USIKU: USIIBE SAA ZA USINGIZI

Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na katika kampi zetu, watu wazima wengi wamerudi kwenye masomo. Mmoja anataka kupata diploma ya serikali aliyoikosa alipokuwa kijana. Mwingine ana graduat ya zamani, ile ya miaka 3, naye anataka kuendelea sasa ambapo vyuo vikuu vyetu vimeingia katika utaratibu wa LMD tangu mwaka wa masomo 2021-2022. Mwingine tena ni injinia anayejitayarisha kwa mtihani wa kuingia masta, hapa nchini au ng'ambo.

Hilo ni jambo la kusifiwa. Mfanyakazi anayejifunza ni faida kwa jamaa yake, kwa kampuni na kwa nchi. Lakini ukurasa huu ni wa usalama na afya, kwa hiyo tunakuuliza swali moja tu: saa za kusoma unazitoa wapi? Kama unazitoa katika usingizi, soma makala hii mpaka mwisho, maana unajitafutia hatari mbili kwa pamoja: ajali kazini na kushindwa katika mtihani.

TUCHUKUE MFANO

Fundi mmoja anaanza posti ya usiku siku ya kwanza. Ameamka saa 7 ya asubuhi. Mtihani umekaribia, basi anasoma mchana kutwa, anakula bukari, anabusu watoto, anapanda basi la kazi. Saa 22 anaingia posti. Hajalala hata kidogo.

Tuhesabu pamoja. Saa sita ya usiku inapogonga, ametimiza saa 17 macho wazi. Posti inapokwisha saa 6 ya asubuhi, ametimiza saa 23.

Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Dawson na Reid, walipima jambo hili. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 anafanya kazi ya mikono na macho vibaya sawasawa na mtu mwenye nusu gramu ya pombe katika kila lita ya damu. Akifikisha saa 24, ni kama ana gramu 1 hivi.

Hakuna shefu atakayemruhusu mtu aliyekunywa apande kamyo au aguse kabati la umeme. Fundi wetu hakunywa hata tone moja. Hana harufu, hapepesuki, anasalimia vizuri. Hata hivyo mikono yake na akili yake ni ya mlevi. Hiyo ndiyo hatari ya uchovu: haionekani mlangoni.

USINGIZI WA SEKUNDE 4

Mwili uliochoka hauombi ruhusa, unajichukulia. Mtu analala kwa sekunde chache, pengine macho yakiwa wazi, kisha anazinduka wala hajui kwamba alilala. Kamyo inayokwenda kilometri 36 kwa saa inapita metri 10 kila sekunde. Kwa sekunde 4 imekwenda metri 40 bila dereva. Ukingo wa shimo la mgodi hauko mbali hivyo. Na mtu anayefanya kazi karibu na mkanda wa mashini hahitaji hata sekunde 4; moja inatosha.

Saa mbaya kuliko zote ni kati ya saa 2 na saa 6 za alfajiri, kwa sababu mwili wa binadamu umeumbwa kulala wakati huo. Hata aliyepumzika vema anausikia uzito huo. Aliyekesha na kitabu atausikia mara mbili.

USINGIZI NI SEHEMU YA MASOMO

Wengine watajibu: "Sawa, nitajikaza. Miezi michache tu, nitalala nikishafaulu." Ndugu, huko ni kujidanganya. Kulala si kupoteza saa za kusoma, maana ni wakati wa usingizi ambapo kichwa kinapanga na kuhifadhi yale uliyosoma mchana.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1924 huko Marekani, Jenkins na Dallenbach waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi zisizo na maana wazijifunze kwa moyo. Walipolala baada ya kujifunza, walikumbuka nyingi zaidi kuliko walipokaa macho kwa muda uleule. Majaribio mengi ya baadaye yamekubaliana nao.

Anayesoma mpaka saa 2 ya usiku na kuamka saa 4 kwa posti ya asubuhi ni kama mtu anayechota maji kwa ndoo iliyotoboka. Anachota sana, lakini nyumbani anafikisha kidogo. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kwa siku. Ukilala 4, umekopa 3. Kwa siku 5 umekopa 15, yaani zaidi ya siku mbili nzima za usingizi. Na deni hilo mwili utalidai, upende usipende.

SAA ZIKO WAPI BASI?

Wiki ina saa 168. Sheria yetu ya kazi inaweka saa 45 za kazi kwa wiki. Ondoa 49 za kulala. Ondoa 12 za njia na kuoga. Zinabaki 62. Ukitoa 10 tu kwa kitabu, unabaki na 52 kwa chakula, bibi na watoto, kanisa na matanga. Saa 10 kwa wiki, katika wiki 20, ni saa 200 za masomo. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini lazima uzipange kufuatana na posti yako.

Posti ya asubuhi (saa 6 mpaka 14). Ukifika nyumbani, oga, kula, pumzika kidogo. Soma saa moja na nusu kabla ya giza. Saa 21 uwe kitandani, maana saa 4 utaamka.

Posti ya mchana (saa 14 mpaka 22). Ukirudi usiku usifungue kitabu. Lala mpaka saa 7, kisha soma saa mbili asubuhi, kichwa kikiwa chepesi. Wiki hii ndiyo bora kwa hesabu na kwa masomo mapya yaliyo magumu.

Posti ya usiku (saa 22 mpaka 6). Hapa kuwa mwangalifu. Ukirudi, kula kidogo, kisha lala mara moja. Usiseme "nisome kwanza". Ukiamka mchana, soma saa moja tu, na iwe ya kurudia yale unayoyajua. Jioni, kabla ya kwenda kazini, lala tena saa moja na nusu. Siku ya kwanza ya posti ya usiku, usingizi huo wa mchana ni wa lazima kabisa. Kumbuka yule fundi.

Siku ya mapumziko, ongeza saa moja au zaidi, lakini usiimeze siku nzima. Na wewe unayefanya posti ya saa 12, siku za kazi fanya marudio ya dakika 20 tu, mengine uyaweke katika siku zako za kupumzika.

SOMA KIDOGO LAKINI VEMA

Mwenye saa chache hawezi kusoma kama mwanafunzi asiye na kazi. Fuata njia tatu hizi:

1. Funga kitabu, ujiulize. Wengi wanasoma ukurasa uleule mara tano wakifikiri wanajua. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walionyesha kwamba, baada ya wiki moja, waliojipima kwa kuandika waliyoyakumbuka waliwashinda waliosoma tena na tena. Soma mara moja, funga kitabu, andika unachokumbuka, kisha sahihisha.

2. Rudia kwa nafasi. Tangu kazi ya Mjerumani Ebbinghaus, iliyotolewa mwaka 1885, tunajua kwamba binadamu anasahau upesi siku za kwanza, kisha polepole. Basi rudia somo kesho yake, halafu baada ya siku 3, halafu baada ya wiki. Nusu saa mara nne inafaa kuliko saa mbili kwa mkupuo.

3. Tafuta mitihani ya miaka iliyopita. Ifanye ukiwa na saa mezani, bila kuangalia majibu. Hapo utajua udhaifu wako uko wapi, nawe hutapoteza nguvu kwa yale unayoyajua.

NYUMBANI

Waeleze bibi na watoto mpango wako. Bandika karatasi ukutani: saa za kulala, saa za kusoma. Wageni wakifika, waambiwe baba amelala, kwa heshima. Chumba kiwe na giza. Nguo nene dirishani inatosha. Mwezi wa 10, mabati yanapowaka moto, lala katika chumba chenye hewa zaidi.

Na wewe bwana ambaye mkeo ndiye mfanyakazi na mwanafunzi: mama akirudi kutoka posti asikute vyombo vya jana, makala ya kuwasha na watoto wasiooga. Na yeye ana mwili mmoja tu, wala usingizi wake si mfupi kuliko wako.

Ukisoma jioni kwenye baraza, vaa mikono mirefu, na ukilala tumia chandarua. Mbu wa malaria wanauma usiku, na homa moja inaweza kula wiki mbili za masomo yako.

Sasa neno kubwa. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku una baridi kwetu, na umeme unakatika. Kuna watu wanaofunga mlango na dirisha, wanaweka mbabula ya makala chumbani na kusoma kandokando yake. Usifanye hivyo hata siku moja. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasikia kichwa kinauma, anasinzia, anafikiri ni uchovu wa kitabu, na haamki tena. Jenereta pia inatoa sumu hiyohiyo. Ikae nje, mbali na madirisha. Kukiwa na baridi, jifunike blanketi.

KAHAWA, CHAI NA VIDONGE

Kahawa inaficha uchovu, haiuondoi. Baada ya saa 5 hivi, karibu nusu ya nguvu yake bado iko mwilini. Kwa hiyo usinywe kahawa wala chai nzito katika saa 6 kabla ya kulala. Vidonge vya kukesha vinavyouzwa sokoni usiviguse. Na pombe ya "kuleta usingizi" inaleta usingizi mbaya unaokatikakatika.

KAZINI

Zijue dalili: miayo isiyokwisha, macho yanayochoma, kutokumbuka metri mia ulizopita sasa hivi, kusoma saa ya mashini mara mbili bila kuelewa. Dalili moja inatosha. Simamisha mashini mahali salama, shuka, mwambie shefu wako. Usiogope aibu. Afadhali kusemwa dakika tano kuliko kuliliwa matanga.

Kama sheria ya mahali pako inaruhusu, usingizi wa dakika 20 wakati wa mapumziko unasaidia sana. Lakini ukiamka, ngoja kidogo kichwa kiwe wazi kabla ya kushika mashini. Na kitabu, au masomo ndani ya simu, visifunguliwe kamwe kwenye posti. Mahali pake ni katika sanduku la nguo.

Wewe shefu, ukijua mtu wako ana mtihani, mwulize mwanzo wa posti: "Umelala saa ngapi?" Swali hilo halimdhalilishi mtu. Linaweza kuokoa maisha yake na ya wenzake.

WIKI YA MTIHANI

Ukijua tarehe, omba siku za konje mapema, si juma lilelile, ili kazi ipangwe vizuri. Jaribu kubadilishana posti kwa ruhusa ya shefu ili usitoke posti ya usiku na kuingia moja kwa moja katika chumba cha mtihani. Usiku wa mwisho usikeshe. Tayarisha kalamu na karatasi zako, kula vema, lala. Usichokijua kufika jioni ile hutakijua kwa kukesha, na ukikesha unaweza kusahau hata kile unachokijua.

Ndugu mfanyakazi, diploma inaweza kungoja mwaka mmoja. Mkono uliokatwa na mashini haurudi, na watoto wako hawana baba mwingine wala mama mwingine. Soma kwa bidii, lakini lala kwanza. Anayelala vema anajifunza vema, na jioni anarudi nyumbani mzima.