Farasi Aliyesoma Nyuso

Paukwa!

Jibuni kwa nguvu, wajukuu zangu, maana leo hakuna sungura wala fisi. Leo kuna hadithi ya kazini, nayo inaanza na farasi, na farasi huyo alikuwepo kweli, mjini Berlin, Ujerumani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Aliitwa Hans. Bwana wake alikuwa mzee Wilhelm von Osten, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ambaye alipomaliza kufundisha watoto wa watu akaamua kumfundisha farasi.

Ukimuuliza Hans tatu na nne ni ngapi, anapiga kwato chini mara saba, kisha anatulia. Watu walijaa uani kumtazama. Mwaka 1904 ikaundwa tume ya wataalamu kuchunguza kama kuna ujanja. Wakatazama, wakakodoa macho, wakarudi wakasema: hila hatukuiona. Na kweli mzee hakuwa tapeli. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba farasi wake anajua hesabu.

Ndipo akaja mtafiti Oskar Pfungst na swali la kitoto, yaani lile swali ambalo watu wazima huona haya kuliuliza. Je, ikiwa anayeuliza naye hajui jibu? Wakajaribu. Hans akapiga kwato, akapiga, akapitiliza, hajui pa kuachia. Wakamziba macho asimwone muulizaji. Mambo yakaharibika vilevile. Kumbe farasi alikuwa hahesabu kitu. Muulizaji akishauliza, huinama kidogo sana kutazama kwato, Hans anaanza. Hesabu ikifika, kichwa cha muulizaji huinuka kidogo sana, pengine chini ya upana wa ukucha, Hans anaacha. Muulizaji mwenyewe hana habari kwamba kichwa chake kinasema. Hata Pfungst, aliyeigundua siri yenyewe, alijaribu kujizuia asiinue kichwa na ikamwia vigumu.

Sasa mtaniuliza: bibi, ulituahidi hadithi ya kazini, farasi na bosi wapi na wapi?

Subirini. Miaka mingi baadaye, huko Marekani, mwanasaikolojia Robert Rosenthal aliwagawia wanafunzi wake panya wa maabara. Hawa akawaambia panya wenu ni hodari wa kutafuta njia, wale akawaambia wenu ni wazito. Uongo mtupu! Panya walikuwa wale wale, wamegawiwa kwa bahati nasibu. Lakini walioitwa hodari wakafanya vizuri zaidi, na waliokuwa wakiwalea walisema wenyewe kwamba waliwashika panya wao mara nyingi zaidi na kwa upole zaidi. Mwaka 1968 yeye na Lenore Jacobson, mkuu wa shule moja ya California, wakatoa kitabu kuhusu jaribio kama hilo kwa watoto: walimu walipewa majina ya wanafunzi ambao eti karibu watachanua, na majina yenyewe yalichaguliwa bila kuangalia akili ya mtu. Katika madarasa ya chini kabisa watoto hao walipanda katika vipimo vya akili kuliko wenzao. Wataalamu wamebishana sana kuhusu vipimo vile, nami sitawaamulia. Nawataka tu mkumbuke kichwa cha muulizaji.

Tuseme mmeajiriwa wawili, wewe na mwenzako, siku moja, duka moja la vifaa vya ujenzi. Bosi, kwa sababu anazozijua mwenyewe, pengine mwenzako amemkumbusha mwanawe, ameshaamua kwamba yule ndiye. Mzigo ukija, yule anaitwa kuhesabu mabati na kulinganisha na ankara. Wewe unapewa ufagio. Yule akikosea hesabu, bosi anavuta kiti: "Hebu rudia hapa, umeruka wapi?" Wewe ukikosea, bosi anakupokonya kalamu taratibu, anamalizia mwenyewe, tena kwa upole kabisa. "Haidhuru, mwanangu." Hajakugombeza hata siku moja! Baada ya miezi sita mwenzako anajua hesabu za duka zima, nawe unajua pembe zote za kufagia. Bosi anatikisa kichwa na kusema, si nilijua tu?

Ule upole wa kupokonywa kalamu mimi nauogopa kuliko ukali. Bosi mkali aliyekurudisha ukahesabu upya mara tatu bado anaamini unaweza.

Aliyeileta habari hii ya matarajio ya bosi mbele ya mameneja ni J. Sterling Livingston, mwalimu wa Harvard, katika makala yake ya mwaka 1969. Humo anasimulia kuhusu ofisi moja ya bima ya maisha huko Rockaway, New York. Mwaka 1961 meneja wake, Alfred Oberlander, aliwapanga mawakala upya. Sita walio bora akawaweka pamoja chini ya msaidizi wake bora. Wa wastani akawapa msaidizi wa wastani. Waliobaki, wenye mauzo hafifu, akawapa msaidizi aliyemwona dhaifu kuliko wote. Kisha akawaambia wale sita: mwaka huu nataka ninyi peke yenu mlete theluthi mbili ya yale yaliyoletwa na ofisi nzima mwaka jana.

Ofisini wakawabatiza kikosi cha mabingwa, nao wakaja juu kwelikweli. Kundi la chini likazidi kudidimia, na wengi wakaacha kazi.

Najua mmoja wenu anaguna: lakini bibi, si walikuwa bora tangu mwanzo? Umesema kweli, na ndiyo maana kwangu hadithi yenyewe iko kwenye kundi la kati. Wale walitarajiwa wabaki pale pale, si moto si baridi. Ila msaidizi wao alikataa kupimwa kwa kibaba cha meneja. Hakukubali kwamba yeye ni mdogo kwa msaidizi wa mabingwa, wala kwamba watu wake wana upungufu. Akawaambia: mna uwezo kuliko wale, wamewazidi miaka ya kazi tu, basi tuwapite. Mwaka baada ya mwaka kundi lile likakua kwa asilimia kubwa kuliko mabingwa wenyewe. Kwa fedha hawakuwafikia, nisiwadanganye. Lakini meneja hakuwa amewapangia kukua hivyo.

Livingston ana kisa kingine, nacho ndicho nikipendacho. Katika Chuo Kikuu cha Tulane, mjini New Orleans, James Sweeney alisimamia kituo cha kompyuta, enzi ambazo kompyuta moja ilijaza chumba. Pale kituoni palikuwa na mfagiaji ambaye zamani alikuwa mpagazi wa hospitali, mtu wa elimu ndogo. Sweeney akamchagua. Asubuhi anafagia, mchana Sweeney anaketi naye kumfundisha kompyuta. Mambo yakaenda vizuri mpaka mtu mmoja wa chuo akasema mwendesha kompyuta lazima kwanza apimwe akili. Mfagiaji akapimwa. Majibu yakasema mtu huyu kuendesha kompyuta ni ndoto, hata kupiga taipu hawezi kujifunza.

Sweeney hakubishana na karatasi. Alikwenda kwa wakubwa akasema: asiporuhusiwa kujifunza, nami naacha kazi.

Wakaona bora waruhusu. Livingston alipoandika makala yake, yule mfagiaji ndiye aliyekuwa msimamizi wa chumba kikuu cha kompyuta, na wafanyakazi wapya walipofika, yeye ndiye aliyewafundisha kazi.