Fundi Mwema Nyumbani kwa Mzee
Bomba likipasuka, waya ukitoa cheche au mtungi wa gesi ukivuja, mzee anayeishi peke yake huwa hatarini zaidi. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 au zaidi, na baadhi ya watu wa umri huo hawana tena nguvu za kufunga koki iliyoshika kutu.

Fundi mwema huanza kazi akiwa bado njiani. Kwa simu humwelekeza mzee afunge koki iliyo karibu na mita ya maji. Gesi ikinuka, humwambia asiguse swichi yoyote, aache milango wazi na atoke nje, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini.

Akifika, huzuia hatari kwanza, hutaja bei kabla ya kufungua mkoba wa vifaa, na mzee asipokuwa na fedha hukubali kulipwa kidogo kidogo. Kabla ya kuondoka hukausha sakafu, maana mzee akiteleza anaweza kuvunjika nyonga. Majirani nao husaidia wanapomwandikia mzee namba ya fundi anayeaminika na kuibandika ukutani kwa tarakimu kubwa.