Mtu Anapozidiwa Kimawazo: Msaada Unaoanzia Nyumbani

Jamaa wengi huficha mtu anaposema amechoka kuishi. Humfungia chumbani, wakamwita mchungaji au shehe, wakasubiri kupambazuke. Wengine waliogopa polisi, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, hata mtu aliyenusurika akawa anaweza kutoka wodini akaishia mahakamani. Mnamo Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hivyo, anayeita msaada leo hamshtaki ndugu yake. Anamtafutia matibabu.

Je, msaada huo ni lazima uwe hospitalini? Wakati mwingine ndiyo, tena haraka. Mtu aliyekunywa sumu au kumeza dawa nyingi, aliyejijeruhi, au aliyeshika silaha, asingojewe. Mama aliyejifungua majuzi akianza kuona au kusikia yasiyokuwepo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mtoto asiachwe naye peke yake. Vilevile, mtu aliyechanganyikiwa ghafla huku ana homa kali huenda ana malaria iliyopanda ubongoni au ugonjwa wa uti wa mgongo. Hapo kushuku majini au kurogwa ni kupoteza saa ambazo hazitarudi.

Lakini wapo wengi ambao hawajafika hapo. Hawali, hawalali, wanalia, wanagawa vitu vyao, wanasema watu wangekuwa afadhali bila wao. Hawa wanahitaji kwanza mtu wa kukaa nao, na anayeweza kufanya hivyo si lazima awe daktari.

Kaa naye mahali patulivu. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wazee wengi hudhani swali hilo litampa wazo ambalo hakuwa nalo, lakini sivyo. Mara nyingi humpa nafasi ya kusema alilokuwa akilibeba peke yake. Usimkemee, usimwambie kuna wenye shida kuliko zake, wala usianze kutafuta mkosaji kati ya mke na mume. Akinyamaza, nyamaza naye.

Huku mmoja akizungumza naye, mwingine aondoe vitu vya hatari. Katika nyumba za wakulima, cha kwanza ni dawa za kunyunyizia mimea na za kuogesha mifugo. Zifungiwe kwa kufuli au zihamishiwe kwa jirani. Hamu ya kujiua huja kwa kishindo kisha ikapungua, pengine baada ya saa chache tu, na mtu asipokuwa na sumu karibu saa hizo humpita akiwa hai.

Mkikwama, pigeni simu. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu haitozi malipo, na anayepokea ni mshauri. Shirika la Befrienders Kenya linapatikana kwa 0722 178 177. Kwa mtoto, piga 116. Kwa aliyezama katika pombe au dawa za kulevya, 1192. Na kwa anayepigwa au kudhulumiwa nyumbani, 1195. Simu si ya mgonjwa pekee. Mama anayemchunga kijana wake usiku kucha naye anaweza kupiga akaelekezwa la kufanya.

Kutakapokucha, mtafuteni mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba za mtaa wenu. Kazi yake ni pamoja na kuwaunganisha na zahanati au kituo cha afya, ambako muuguzi au tabibu atampima mgonjwa na kuamua kama anafaa kutibiwa hapo au kupelekwa mbele. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi, zikiwemo zile za karibu na jamii. Mwendeeni mkiwa na haki yenu, si kama mnaoomba hisani. Ambaye hajajisajili na SHA anaweza kufanya hivyo kwa kubonyeza *147#.

Kuhusu kumfunga mgonjwa kwa kamba au mnyororo: tunajua wanaofanya hivyo mara nyingi wamechoka na wameogopa, lakini kamba hujeruhi na kumfanya akimbie kila anayemkaribia. Iteni watu wawili watatu anaowaamini, wamkalie kwa zamu. Mchungaji au shehe anayeheshimiwa anaweza kuwa mmoja wao, mradi maombi yasimzuie mgonjwa kumeza dawa alizoandikiwa.

Wiki chache baadaye, mtu akionekana amepoa, endeleeni kumtembelea. Muulizeni tena lile swali. Kama alipewa tarehe ya kurudi kliniki, mmoja wenu amsindikize.