Akili Unde na Mabadiliko ya Tabianchi: Mambo ya Kuzingatia kwa Mkulima wa Mbangala

Wakazi wengi wa Kata ya Mbangala wamekwisha kusikia habari za akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba au akili bandia. Ni mfumo wa kompyuta unaojifunza kutokana na kumbukumbu nyingi, kisha ukatambua picha, ukajibu swali au ukakadiria jambo lijalo. Makala haya yanaeleza namna mfumo huo unavyohusiana na mabadiliko ya tabianchi, na nafasi yake katika maamuzi ya shambani.

Mkoa wa Songwe hupata mvua za msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mvua ikichelewa au ikikatika katikati, hakuna msimu wa pili wa kufidia hasara. Joto nalo huwasaidia wadudu waharibifu. Viwavijeshi vamizi, waliogunduliwa barani Afrika mwaka 2016 na kuingia nchini mwaka uliofuata, hukamilisha mzunguko wa maisha kwa takribani siku 30 panapokuwa na joto, na huchukua muda mrefu zaidi penye baridi.

Hapa ndipo akili unde inapoweza kusaidia. Programu ya simu iitwayo Nuru ilitengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa kushirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA). Hutumia Kiswahili, na ikishapakuliwa hufanya kazi hata pasipo intaneti. Mkulima huelekeza kamera kwenye jani, nayo humweleza iwapo inaona dalili za batobato au michirizi ya kahawia katika mihogo, au madhara ya viwavijeshi katika mahindi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionesha kwamba Nuru ilitambua kwa usahihi dalili katika mihogo kwa asilimia 65, maafisa ugani kwa asilimia 40 hadi 58, na wakulima kwa asilimia 18 hadi 31. Majani 6 ya mmea mmoja yalipopimwa badala ya moja, usahihi wa Nuru ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Hata hivyo, kamera huona jani tu, ilhali michirizi ya kahawia huozesha mizizi iliyo ardhini. Wala programu haitibu: mhogo ulioambukizwa virusi hauna dawa, na kinga yake ni kuanza na pingili safi.

Katika utabiri wa hali ya hewa pia mabadiliko ni makubwa. Mfumo wa akili unde hujifunza kutokana na kumbukumbu za miongo mingi na kutoa utabiri kwa dakika chache. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa muda wa kati kilianza kuutumia rasmi mwezi Februari 2025, sambamba na mfumo wake wa zamani. Lakini mfumo huo hutegemea vipimo, na Afrika ina vituo vichache vya kupimia hali ya hewa. Kwa sababu hiyo, kila kipimamvua kinachosomwa kwa uaminifu kina thamani.

Yapo pia madhara. Kompyuta zinazoendesha akili unde hukaa katika majengo makubwa yanayotumia umeme mwingi, na mengi huhitaji maji ya kupoozea mitambo. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kuwa vituo vyote vya data duniani, vikiwemo visivyo vya akili unde, vilitumia terawati-saa 415 mwaka 2024, yaani asilimia 1.5 ya umeme wote, na kwamba matumizi hayo yatafikia takribani 945 ifikapo mwaka 2030. Umeme huo ukizalishwa kwa makaa ya mawe au gesi, hewa ukaa huongezeka. Nayo haijui mipaka. Mkulima asiyemiliki hata simu hubeba sehemu ya gharama hiyo mvua inapovurugika.

Kwa hiyo, wakazi wanashauriwa mambo matatu. Kwanza, tarehe ya kupanda ipangwe kwa kufuata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, si ujumbe unaosambazwa kwa simu bila kutajwa chanzo. Pili, anayetumia programu ya kutambua magonjwa apime majani kadhaa, kisha amwoneshe afisa ugani matokeo kabla ya kung'oa mazao au kununua viuatilifu. Tatu, mwenye simu janja amsaidie jirani asiye nayo, kwa kuwa viwavijeshi wa shamba moja huzaa nondo wanaoruka hadi shamba la pili.

Akili unde ni mshauri tu. Uamuzi hubaki kwa mwenye shamba.