Maleba ya filamu fupi ya historia: Fedha zitoke wapi, na nani azikague?

KATI ya gharama zote zinazomkabili mtayarishaji wa filamu fupi ya kihistoria asiye na kampuni kubwa nyuma yake, hakuna inayodharauliwa mwanzoni na kuleta kilio mwishoni kama gharama ya mavazi. Kamera huazimwa, waigizaji hukubali kusubiri malipo yao, na mandhari ya kijiji au ya pwani hupatikana kwa kibali na maelewano. Lakini sare ya askari wa mwaka 1905 haipo dukani, wala jirani hana ya kuazimisha.

Mavazi hayo, ambayo wanasanaa huyaita maleba, ndiyo ya kwanza kuonwa na mtazamaji kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Yakikosewa, maneno yote yatakayofuata hupoteza uzito. Ndiyo maana watayarishaji wengi wa filamu huru hulazimika kupitisha bakuli kwa ajili ya maleba peke yake.

Makala haya yanaeleza kwa nini maleba ya historia ni ghali, fedha zake hutafutwaje, na mtu anayeombwa mchango ana haki ya kuuliza nini kabla hajaingiza mkono mfukoni. Tuchukue mfano wa filamu fupi kuhusu Vita vya Maji Maji.

Pamba iliyozaa vita

Vita hivyo vilianza mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, katika nchi ya Wamatumbi, pale wananchi walipong'oa miche ya pamba ambayo serikali ya Kijerumani ilikuwa ikiwalazimisha kuilima. Mpango wa mashamba hayo ya shuruti ulikuwa umeanza mwaka 1902. Kwa hiyo, katika filamu ya Maji Maji, kitambaa si pambo, bali ni sehemu ya kisa chenyewe.

Swali la kwanza linalomkabili mbunifu wa maleba ni hili: Watu wale walivaa nini? Jibu la haraka, ambalo limeonekana katika michezo mingi ya kuigiza, ni majani na vipande vya ngozi. Jibu hilo ni rahisi kwa sababu majani hayanunuliwi. Lakini si jibu kamili.

Ifikapo mwaka 1905, vitambaa kutoka ng'ambo vilikuwa vimekwisha kusambaa bara kwa miongo mingi kupitia misafara ya biashara. Kulikuwa na merikani, kitambaa cheupe kisichotiwa rangi, kilichopewa jina hilo kwa sababu kililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, kutoka viwanda vya jimbo la Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipovuruga biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na India vilipata nafasi. Aidha, kulikuwa na kaniki, kitambaa cha rangi ya nili iliyokolea hadi kukaribia weusi.

Hii haina maana kwamba kila mtu alivaa kitambaa cha dukani. Wapo waliovaa ngozi na nguo za magome ya miti, kutegemea mahali, umri na uwezo. Kazi ya mbunifu ni kujua nani alivaa nini, wapi na kwa nini. Mtu akiwavika mababu wote majani kwa sababu tu mfuko wake ni mtupu, ufukara wake unageuka kuwa uongo juu ya watu ambao hawawezi tena kujitetea.

Uongo huo si jambo dogo. Idadi ya waliokufa katika vita hivyo na katika njaa iliyofuata inakadiriwa kuwa kati ya 75,000, hesabu iliyotolewa na upande wa Wajerumani, na 300,000, makadirio ya juu ya wanahistoria. Mjini Songea, Februari 27 ya kila mwaka ni siku ya kuwakumbuka viongozi wa Wangoni walionyongwa mwaka 1906. Wajukuu na vitukuu wao wapo, na ndio watakaoketi mbele ya filamu hiyo.

Makosa yanayoonekana

Upande wa pili wa vita hivyo nao una mitego yake. Askari Waafrika waliolitumikia jeshi la kikoloni la Kijerumani walivaa sare za kaki, tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki na kuwekwa nembo ya tai mbele, na vitambaa vya kufungia miundi kuanzia kwenye kifundo cha mguu. Kaki ya leo inapatikana kwa urahisi, lakini nyingi imechanganywa na poliesta, uzi uliovumbuliwa Uingereza mwaka 1941. Poliesta hung'aa mbele ya taa, na kamera haifichi mng'ao huo.

Vivyo hivyo kwa zipu, ambayo haikuzoeleka katika nguo za kawaida kabla ya miaka ya 1930. Vitenge vyenye mapambo ya viwanda vya baada ya Uhuru, kama kile cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968, navyo havina nafasi katika kisa cha mwaka 1905. Mtazamaji anaweza asijue tarehe hizi, lakini jicho lake hung'amua kwamba kuna kitu hakikukaa sawa.

Habari njema ni kwamba utafiti wenyewe si wa gharama kubwa. Hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani ina picha nyingi zilizopigwa na Walther Dobbertin katika koloni la Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, na nyingi zinatazamwa bure katika intaneti. Makumbusho ya Maji Maji mjini Songea nayo ni mahali pa kuanzia. Hata hivyo, picha za mkoloni zisomwe kwa tahadhari, kwani mara nyingi ni mpiga picha aliyeamua nani asimame wapi na avae nini.

Hesabu kabla ya bakuli

Kosa kubwa la watayarishaji ni kuomba fedha kabla ya kupiga hesabu. Mtu akiambiwa "tunaomba mchango wa mavazi" hutoa kidogo, au hutoa ahadi isiyotekelezwa. Akioneshwa kwamba fedha yake inanunua mikono miwili ya kaki na vifungo sita vya shaba, mambo hubadilika.

Tuseme filamu ni ya dakika 12 na ina wahusika 14: ofisa mmoja wa Kijerumani, askari wanne, wapiganaji sita na wanawake watatu. Watu 14 hawana maana ya maleba 14. Mpiganaji mkuu anayeanza akiwa na kaniki safi na kumaliza akiwa ameloa damu anahitaji vazi hilo hilo mara tatu, kwa sababu filamu haipigwi kwa mfuatano wa kisa, na tukio moja hurudiwa mara kadhaa. Kwa hiyo, jozi zinaweza kufika 20.

Kwa mfano tu wa kuonesha jinsi hesabu inavyopangwa, tuchukue viwango hivi: vitambaa Sh900,000, ushonaji Sh750,000, kofia, viatu, mikanda na vifungo Sh600,000, rangi, kuchakaza na kufua Sh200,000, usafiri na utunzaji Sh150,000. Jumla ni Sh2,600,000. Ikiongezwa akiba ya asilimia 10 kwa ajili ya yasiyotarajiwa, inakuwa Sh2,860,000. Bei halisi zitatofautiana, lakini mafungu hayo hayakwepeki.

Fungu la kuchakaza ndilo linalosahauliwa zaidi. Nguo iliyotoka kwa fundi cherehani jana haiwezi kuvaliwa na mtu aliyetembea porini wiki tatu. Hulowekwa katika maji ya chai, husuguliwa kwa jiwe au msasa, huanikwa juani na kufuliwa tena na tena.

Ikiwa kila mchangiaji atatoa Sh10,000, wanatakiwa watu 286. Wakitoa Sh20,000 kila mmoja, wanatosha 143. Idadi hiyo si ngeni katika nchi ambayo kamati ya harusi hukusanya zaidi ya hapo kwa kadi na simu za kukumbushana.

Si harusi

Hata hivyo, ni vema ikaeleweka kwamba filamu si harusi. Anayechangia harusi ataketi ukumbini, atakula, na siku yake ikifika naye atachangiwa. Anayechangia maleba hana uhakika huo. Ndiyo maana mtayarishaji makini huanza kwa kuorodhesha atakachorudisha: jina la mchangiaji mwishoni mwa filamu, mwaliko wa onesho la kwanza, au picha ya vazi alilolilipia likiwa mwilini mwa mwigizaji.

Mfano mkubwa wa michango ya namna hii ulitoka India. Mwaka 1976, wafugaji 500,000 wa ushirika wa maziwa katika jimbo la Gujarat walitoa rupia mbili kila mmoja, na kwa fedha hizo mwongozaji Shyam Benegal akatengeneza filamu ya Manthan, iliyohusu harakati za ushirika wao. Filamu ilipotoka, wafugaji walisafiri kwa makundi kwenda kuitazama. Walichangia kwa sababu kisa kilikuwa chao. Mtayarishaji wa filamu ya Maji Maji anayeanzia maofisini na kuwasahau wazawa wa Kilwa, Liwale na Songea ameanza upande usio na mizizi.

Katika zama hizi, intaneti imefungua mlango mwingine. Mtandao wa Kickstarter wa Marekani, ulioanza mwaka 2009, hufuata kanuni ya yote au hakuna: lengo lisipofikiwa, wachangiaji hawatozwi chochote, likifikiwa, mtandao hukata asilimia tano, mbali na gharama za malipo. Lakini mkazi wa Tanzania au Kenya hawezi kufungua mchango huko moja kwa moja, kwani nchi hizi hazimo katika orodha inayoruhusiwa. Hulazimika kumtumia mshirika aliye ng'ambo, ambaye kisheria ndiye atakayekuwa mwenye fedha. Makubaliano ya maandishi naye ni ya lazima.

Kwa walio nyumbani, njia ya karibu ni fedha za simu, zilizoanza Kenya kwa M-Pesa mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Tatizo lake ni kwamba namba ya simu huwa ya mtu mmoja, na fedha za wengi zikikaa katika simu ya mmoja, hata mwaminifu hushukiwa.

Zipo pia njia zisizohitaji fedha taslimu. Mwenye duka la vitambaa anaweza kutoa jora badala ya hela, na vikundi vya maigizo vinaweza kuazimisha baadhi ya mavazi. Ama mikopo, itazamwe kwa uangalifu. Filamu fupi mara nyingi huishia katika matamasha bila kuingiza mapato, na mkopo hausubiri tuzo.

Maswali ya mchangiaji

Mtu anayeombwa mchango asione aibu kuuliza maswali manne. Kwanza, fedha zinawekwa wapi, na ni watu wangapi wanaotia saini kuzitoa? Wawe angalau wawili. Pili, lengo lisipofikiwa, fedha zitarudishwa au filamu itapunguzwa? Tatu, stakabadhi zitaoneshwa lini? Nne, maleba yatakwenda wapi filamu ikimalizika?

Swali la mwisho ndilo lisiloulizwa, nalo ni zito. Jozi 20 za mavazi yaliyofanyiwa utafiti ni mali. Zinaweza kukabidhiwa shule, kikundi cha maigizo au makumbusho ili filamu ijayo isianze sifuri. Zikiachwa kuliwa na nondo stoo, michango ya watu 286 imetumika kwa siku chache tu.

Mtayarishaji naye ana mipaka ya kulinda. Mchangiaji mkubwa anaweza kutaka babu yake avikwe joho ambalo hakuwahi kulivaa, au upande fulani uoneshwe kama washenzi. Ni bora kurudisha fedha hiyo. Aidha, mavazi yanayofanana na sare za kijeshi yaombewe ruhusa mapema, sambamba na kibali cha Bodi ya Filamu, ili upigaji picha usikatishwe njiani na vyombo vya dola.

Na pale fedha zinapogoma kabisa, dawa si kurudi kwenye majani. Dawa ni kupunguza kisa. Mama mmoja aliyejifunga kaniki moja, akisikiliza mlio wa bunduki upande wa pili wa mto, anaweza kubeba vita nzima kwa vazi lisilozidi bei ya mlo wa familia. Askari wanne wanaoonekana miguu na mikanda tu hawahitaji tarbushi nne.

Filamu yenye kaniki moja ya kweli, yenye stakabadhi yake, ina heshima kuliko jeshi zima lililovikwa uongo. Waliokufa mwaka 1905 hawakuacha picha nyingi zilizopigwa kwa hiari yao. Tunaowavika leo tunawajibika kwao kwanza, kisha kwa wale waliotuchangia kitambaa.