Boti au kivuko? Kabla hujampandisha mtoto, inua jaketi lake

Desemba iliyopita nilisimama kwenye kivuko kimoja cha kwenda Ukerewe na dada yangu, mwanawe wa miaka sita, na mdogo wa miaka miwili aliyefungwa mgongoni. Foleni ilikuwa ndefu na feri bado iko ng'ambo. Pembeni kijana wa boti akawa anaita: "Dada zangu, njooni, tunaondoka sasa hivi, bado nafasi mbili tu!"

Dada alishavua viatu. Kwa uchovu niliokuwa nao, nusura nimfuate.

Kilichotuzuia ni jaketi okozi. Kijana alimvalisha mkubwa jaketi la mtu mzima, akakaza mikanda. Nikalishika mabegani nikaliinua. Likapanda, kidevu na masikio ya mtoto yakazama ndani yake. Majini jaketi lingeelea, mtoto angechomoka chini. La mdogo halikuwepo kabisa. "Huyo mtampakata," akasema.

Kipimo hicho cha kuinua mabega kinachukua sekunde tano, mzazi. Soma pia uzito ulioandikwa ndani ya jaketi. La mtoto mdogo linatakiwa liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Na ukipanda chombo, mfungue mtoto mgongoni. Chombo kikipinduka, kanga hiyo inawazamisha wote wawili.

Je, feri ni salama kuliko boti? Boti ndogo ni nyembamba, mmoja akisimama ghafla wote mnayumba. Ila ndani yake kila mtu amekaa, na watoto unawaona. Feri ni pana na imetulia, na utulivu huo ndio unaotusahaulisha: watoto wanakimbia sitahani, watu wanarundikana upande mmoja. MV Nyerere ilipopinduka Septemba 20, 2018, ilikuwa imebakiza mita chache kufika gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220.

Kwa hiyo mimi naanza na kuhesabu watu, kisha majaketi, kisha naangalia upepo. Kwenye feri nauliza majaketi yanahifadhiwa wapi kabla haijang'oa nanga, na sibaki ndani ya gari na watoto.

Jambo jingine ambalo wengi hatulijui: mtoto anayezama hapigi kelele. Kichwa kinalala nyuma, mdomo unalingana na maji, na chini ya dakika moja anaweza kuwa ameshapotea. Akitolewa hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumminya tumbo ili maji yatoke. Tuma mtu aite msaada, wewe mpulizie pumzi tano mdomoni, kisha mkandamize kifua mara 30 na kumpulizia pumzi mbili, ukirudia hivyo mpaka apumue au msaada ufike.

Tulisubiri karibu saa mbili. Boti ile iliondoka, ikavuka, ikafika salama, na dada hakuacha kunikumbusha hilo. Alininunia mpaka ng'ambo. Watoto walimaliza mihogo yote tuliyombebea bibi.

Mwezi uliofuata alinitumia picha kwenye simu, bila maneno: majaketi mawili madogo ya rangi ya machungwa, yameanikwa kwenye kamba ya nguo.