Mahali Mvua Inapogeuka Maji ya Kisima

Chanzo kikuu cha maji ya bomba katika Jiji la Dodoma ni visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa jiji. Usawa wa maji katika bonde hilo umepimwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu zake zinaonyesha jambo ambalo mtumiaji hana budi kulifahamu: bonde halijai kila mwaka. Maji hushuka miaka kadhaa mfululizo, kisha hupanda baada ya msimu wa mvua kubwa mno, kama ule wa El Niño wa mwaka 1997/98. Eneo linalopokea mvua hiyo adimu likizibwa, fursa hiyo hupotea.

Maeneo hayo hutafutwa kwa Mfumo wa Taarifa za Kijiografia, yaani programu za kompyuta zinazoweka ramani nyingi za eneo moja juu ya nyingine: mteremko, udongo, miamba na nyufa zake, mito, mvua, matumizi ya ardhi. Kila ramani hupewa uzito, na kila kipande cha ardhi hupata alama. Wingi wa mvua pekee hautoshi. Kwenye mteremko mkali maji hukimbia. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi hutuama na kukauka kwa jua. Makutupora, maji mengi hupenya kupitia makorongo ya mchanga ambayo huwa makavu sehemu kubwa ya mwaka, yaleyale ambayo wengi huyadhania kuwa ardhi isiyo na kazi.

Uzito huo hupangwa na binadamu. Hivyo ramani ni makadirio, na sharti ilinganishwe na vipimo vya visima. Wala haimwelekezi mtu pa kuchimba kisima. Maji huweza kuingia ardhini hapa na kupatikana mbali na hapa.

Mnunuzi wa kiwanja azingatie hili zaidi: ardhi inayopitisha maji upesi hupitisha na uchafu upesi. Shimo la choo kando ya korongo la mchanga laweza kuchafua kisima cha jirani. Kabla ya kununua kiwanja, kujenga au kuchimba kisima huko, ulizeni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo Makutupora imo katika eneo lake, iwapo sehemu hiyo imehifadhiwa, na ni vibali gani vinavyohitajika.